Vyungu vya Bi Mwanabaraka

Mama mkwe wangu, Bi Mwanabaraka, alikuwa mkunga hapa Mkolani kwa miaka thelathini. Hakujua kusoma, lakini alipokea watoto ambao leo ni wauguzi na mafundi. Wapangaji wengi hawakuwa na ardhi ya kuzikia makondo ya nyuma, na wenye nyumba walikataa ua wao uchimbwe. Basi yeye aliyatia kwenye vyungu vidogo, akayafukia kwa dua chini ya mzambarau wetu. Hakumdai mtu hata ahsante.

Kazi hiyo ndiyo iliyoitwa uchawi Jumanne iliyopita.

Upepo wa ziwani ulikuwa umeung'oa mzambarau, ukaangukia ukuta wa mbele, mizizi juu. Nikamwita Kija, fundi wa msumeno wa mashine. Alipokata shina, kisiki kilicheza na vyungu vitatu vikabiringika. Akazima mashine.

"Mama Yahaya, mimi sikati tena. Hivi vitu gani?"

Kabla sijajibu, jirani yetu Selina alishafika barabarani, kanga kiunoni. "Njooni muone! Si nilisema? Mume wa huyu hakufa bure!"

Mume wangu aliuawa na ugonjwa wa figo, na Selina huyo huyo alimletea uji hospitalini! Watu wakajaa. Mmoja akataka mganga aje aisafishe nyumba. Mimi, niliyefundisha watoto wao miaka ishirini na saba, nisafishwe!

Nikatokea ukutani palipobomoka, chungu mkononi.

"Selina, ulipomzaa Modesta ulikuwa umepanga chumba. Kondo lake lilizikwa wapi?"

"Hayo yanahusu nini?"

"Lilizikwa wapi?"

Bibi Ng'washi, muuza dagaa, akaangua kicheko. "Ya wanangu wanne yamo humo! Kumbe nimelogwa mara nne, na bado nanenepa!"

Watu wakacheka, wakatawanyika. Kija akavirudisha vyungu ardhini kwa mikono yake, ndipo akawasha mashine.

Jioni Selina aliingia kwa mlango wa jikoni, akiinamisha kichwa.

"Shikamoo mama. Shetani tu alinipitia."

"Marahaba. Shetani hakupigia kelele jikoni kwangu. Nenda ukaseme pale pale barabarani."

Akatoka. Nikamfuata hadi getini.

"Jamani," akasema, "ile familia niliisingizia."

Aliyesikia ni muuza vocha peke yake. Nikamwambia apaze sauti.