Mama alivyoihoji bima ya meli tulipokwenda Hija

Wakuu, asalaam aleikum, na msio Waislamu hamjambo nyote.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu: anaenda cruise na mkewe, je, anunue travel insurance ya kiasi gani? Majibu yakawa mengi, kila mtu na lake. Mimi nilinyamaza kwa sababu yangu hayatoshi kwenye comment. Ndiyo maana nimefungua uzi. Nitakayoandika niliyaona mwenyewe, na nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mimi ni mzee sasa. Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa karani kijana katika ofisi za serikali kule Kwale, kazi yangu kupiga taipu. Kwetu ni Msambweni.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama yangu, Bi Mwanakombo, alisuka mikeka na kuuza mafuta ya nazi miaka na miaka mpaka Mungu akamjaalia nauli ya Hija. Yake na yangu, maana mwanamke hakusafiri bila ya maharimu wake, yaani jamaa wa kiume wa karibu kama mwana.

Siku hizo wengi wetu tulikwenda kwa meli, kutoka Mombasa mpaka Jidda. Siku ngapi majini? Sikumbuki, lakini si chache.

Na mama alikuwa na pumu. Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha.

Ofisini kwetu alikuwa akipita ajenti wa bima, kijana wa bara, tumwite Njoroge. Soksi ndefu, mkoba wa ngozi, adabu kamili. Wateja wake hasa walikuwa wazungu wa hoteli za Diani waliopanda meli za starehe kuzunguka visiwa. Nikamuuliza kama ana bima ya mahujaji.

"Meli ni meli," akasema. Jumamosi akaja nyumbani.

Alimwamkia mama shikamoo, akakaa mkekani, akatandaza fomu tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Akasema yeye anapendekeza kubwa, kwa sababu ina kila kitu.

Mjomba Bakari, kaka yake mama, alikuwepo. Yeye alishaamua kabla ya kusikia. "Hii ni kamari. Mwaweka dau juu ya maradhi."

(Mama alikwishamuuliza ustadh wetu. Alimjibu kwamba wanavyuoni wamekhitalifiana, yeye binafsi asingeitaka, lakini hamhukumu mtu. Tafadhalini, tusigombane kuhusu hilo hapa.)

Mama akasema, "Bakari, ngoja kwanza tujue ni nini. Haya mwanangu, nisomee. Neno kwa neno."

Wakuu, mama yangu hakuwa akijua herufi za Kizungu. Alijua za Kiarabu, na Kiswahili chake alikiandika kwa herufi hizo. Lakini sijaona mtu anayehoji karatasi kama yeye.

Njoroge akaanza na mizigo. Kamera, vito, nguo za dansi.

"Nguo za dansi ndizo zipi?" mama akauliza, na alitaka kujua kwelikweli. Njoroge akaona haya, akaeleza. Mama akacheka. "Mimi nina kanzu mbili, leso na birika. Atakayeviiba, navimfae. Endelea."

Akafika kwenye kipengele kilichofanya ile fomu kubwa iwe ghali. Ukifa safarini, mwili wako unarudishwa nyumbani.

"Nikifa Makka?"

"Tunakurudisha, mama. Mpaka hapa mlangoni."

Mama akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, watu waomba miaka wazikwe huko. Nijaaliwe kufia huko, halafu nikulipe wewe unitoe?"

Mjomba Bakari akacheka mpaka akakohoa. Njoroge naye akacheka, akaifunga fomu kubwa mwenyewe.

Ikabaki ya kati, ya matibabu.

"Nikiugua melini?"

"Daktari wa meli."

"Ikimshinda?"

"Utashushwa bandari ya karibu, na hospitali tutalipa sisi."

"Na mwanangu?"

Njoroge akapekua. Akarudi nyuma, akapekua tena. "Yeye ataendelea na meli."

Mama akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Basi karatasi yako yaniuguza peke yangu."

Nilimheshimu Njoroge kwa sababu hakutunga jibu. Alisema atamuuliza mkubwa wake Mombasa.

Kabla hajaondoka kulikuwa na swali moja la kujaza: je, una maradhi ya zamani? Njoroge akanisogelea, akaninong'oneza, "Andika hapana. Mambo yatakwenda haraka."

Nami, nakiri hapa mbele yenu, kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Mama akauliza tumenong'ona nini. Nikamwambia. Hakukasirika, alistaajabu tu. "Naenda kutubia kwa Mola wangu, nianze safari kwa uongo? Andika pumu."

Nikaandika pumu.

Baada ya wiki moja hivi Njoroge akarudi na barua mbili zilizopigwa taipu.

Ya kwanza: kampuni itamkatia mama bima, lakini pumu haimo. Yaani kile kitu kimoja nilichokuwa nikikihofia ndicho walichokiondoa. Nilikasirika, nikasema tuache yote.

Ya pili: ombi la mama limekubaliwa. Kati ya sisi wawili, mmoja akishushwa kwa ugonjwa, mwenziwe anaweza kubaki naye, na malazi ni juu ya kampuni.

Mama alifikiri siku mbili. Kisha akatoa uamuzi ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeutarajia. Yeye asikatiwe chochote. Nikatiwe mimi, ile ya kati, na barua ya pili iambatanishwe.

Nikamwambia, "Mama, mimi mzima kama ng'ombe! Mgonjwa ni wewe."

"Pumu yangu naijua, nayo yanijua. Dawa nitabeba. Wewe sijui una nini."

Akachukua ile barua, akaniambia nimsomee mstari wa mwenziwe. Chini yake akauandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, akaikunja barua, akaitia ndani ya mfuko wa nguo.

Tulisafiri. Hija sitaieleza hapa, ina uzi wake. Pumu ilimshika mara mbili Makka, na mara zote mbili alipona kwa dawa zake na dua. Bima isingelipa hata senti.

Tukiwa tunarudi, siku ya pili majini, tumbo langu upande wa kulia likaanza kuuma. Kufika jioni nilikuwa siwezi kusimama. Daktari wa meli akabonyeza mara moja tu, akasema ni kidole tumbo, sharti nipasuliwe, na melini hawezi. Nitashushwa Aden.

Nilishushwa kwa machela. Mama akafuata na birika lake mkononi.

Pale gatini palikuwa na karani wa wakala wa kampuni ya bima, Mwarabu. Akasema mgonjwa aende hospitali, na mama arudi melini. Hujaji mmoja wa Lamu aliyejua Kiarabu akatutafsiria.

Mama hakupiga kelele. Alitoa barua, akaikunjua, akaweka kidole kwenye mstari.

Karani aliisoma ile ya Kizungu huku amekunja uso. Halafu akaona maandishi ya mama. Herufi ni zake, lugha si yake. Akaanza kuyatamka polepole kama mtoto wa chuo cha Kurani: "Mmoja... akiugua... mwenziwe... abaki naye."

"Ndiyo hivyo hivyo," mama akamwitikia, kana kwamba anamsomesha.

Yule karani akatabasamu. Akaandika kikaratasi cha chumba karibu na hospitali.

Meli iliondoka bila sisi. Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, mtu wa kwanza niliyemwona ni mama, ameketi kwenye kiti cha mbao, anavuta uradi kwa tasbihi. Nililia, wakuu. Nilikuwa mwanamume mzima mwenye kazi ya serikali, na nililia.

Tulikaa karibu wiki tatu, kisha tukapata meli nyingine.

Sasa jibu langu kwa kijana wa cruise. Usianze na "kiasi gani". Kwanza jiulize unaogopa nini hasa, kisha isome karatasi uone kama hofu yako imo. Usichokihitaji kikatae hata wakikuita bahili. Ugonjwa ulio nao useme, hata wakikunyima. Na kama kuna jambo halimo, uliza kama linaweza kuandikwa. Sisi tuliuliza tu, likaandikwa.

Siku moja pale Aden nilimuuliza, "Mama, ulijuaje kwamba mgonjwa nitakuwa mimi?"

Akanishangaa. "Sikujua lolote. Ningejua, ningekuja nawe?"

Haya, uwanja ni wenu. Wewe mwenye cruise, umeshamuuliza mkeo yeye anaogopa nini?