Fomu ya Masizi

Mama Metrine, jirani yangu, anasemanga kisimani kwamba Namalwa amegeuza katuni yake kuwa mwanaume ili ashinde tuzo. Nikafunga mtoto mgongoni nikaenda kumwona.

Namalwa anakata miwa huku Kabras, na akitoka shambani anachora. Katuni yake inaitwa Masizi: mkata miwa mwenye mdomo mkali, mweusi kwa majivu toka kichwani hadi miguuni. Miwa ikishachomwa, sisi wote tunatokanga hivyo. Huwezi kujua nani baba, nani mama.

Nilimkuta amekalia gunia, mikono imevimba. Fomu ya mashindano ya katuni ilikuwa magotini: mhusika bora wa kiume, mhusika bora wa kike, visanduku vyote viwili bado vitupu. Mwisho ni kesho.

"Miaka sita sijamuosha uso," akasema. "Leo wanataka nimvue nguo?"

"Weka tiki popote, dada, upumzike."

"Nikisema mwanamke, wasomaji wataanza kumuita mkorofi. Nikisema mwanaume, watamuita shujaa. Saa hii wanacheka tu." Akanisukumia kalamu. "Vidole vyangu vimekataa. Niandikie hapo chini, mama: waweke tuzo moja, ama wanirudishie Masizi wangu."