Vitenge Vitatu vya Kikagate

Saa saba mchana, jua la kambi ya wakimbizi ya Nakivale limesimama wima juu ya mabati, na Goretti anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku amevaa pulova. Pulova nzito ya bluu, imevutwa hadi shingoni. Wanawake wa Rubondo, mtaa wake pale kambini, walikwisha kuizoea, ila kuizoea si kuinyamazia.

"Mama Inès, ni mazoezi ya Kanada hayo?" aliuliza Apollinarie, jirani yake, kutoka upande wa pili wa ua. "Sisi tuliandikishwa kwenda huko mbele yako na tungali tunatoka jasho hapa!"

"Nitawatangulia. Nikifika nitawaambia kama theluji inaliwa na ugali."

Wakacheka wote wawili. Kisha Goretti akaegemea mchi wake apumzike. Mapigo kumi, pumziko; mapigo kumi, pumziko. Alikuwa na miaka thelathini na miwili tu, lakini majani ya kuuza asubuhi yalimchukua mchana kutwa. Nyusi zake zilikuwa zimepukutika, sauti imekuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, na hedhi haikumrudia tangu alipomzaa Inès, miaka tisa iliyopita. Alikuwa amemeza dawa za malaria na dawa za minyoo. Wachungaji wawili walimwombea, mmoja mpaka akakauka sauti. Baridi haikutoka.

Hata hivyo baridi siyo iliyomuuma. Kilichomuuma ni maziwa.

Walikimbia kutoka Kivu Kusini wakazunguka kupitia Tanzania: Goretti mwenye mimba ya miezi tisa, mumewe Venuste, na Nyirabahire, mama yake Venuste. Walipovuka tu mpaka wa Kikagate kuingia Uganda, uchungu ukamshika Goretti ndani ya shamba la migomba. Alisikia mtoto analia, halafu hakusikia kitu tena. Alipozinduka ilikuwa kesho yake, na kifua chake kilikuwa bapa kama cha mwanamume. Siku ya tatu, ya nne, ya kumi, hata tone. Walipofika Nakivale ni Apollinarie, aliyekuwa na mtoto mchanga wake mwenyewe, aliyemnyonyesha Inès.

Na Nyirabahire alikuwa na maneno yake, akiyarudia kwenye bomba la maji na kwenye foleni ya maharage. "Mutoto alizaliwa muzuri, bila shida yoyote. Ni huyu alimunyima maziwa. Alitaka kijana, Mungu akamupa binti." Akimaliza hilo, aliunganisha na msiba wake wa pili, wizi wa vitenge. "Na bezi ba pale Kikagate balibeba bitenge byangu bitatu, bile bya harusi yangu. Yote siku moja!"

Goretti angejibu nini, naye siku ile alikuwa amezimia? Kuna siku alipomtazama Inès akikimbia uani, alijiuliza kama kweli moyo wa mama unaweza kufunga maziwa bila mwenyewe kujua. Hilo tu ndilo alilotaka kulijua kabla hajafa.

Alipoanguka kwenye foleni mara ya pili kwa mwezi mmoja, kituo cha afya kikamtuma hospitali ya Mbarara. Huko alikutana na Dokta Kabanyana, mwanamke mnene mwenye kucheka upesi, mzaliwa wa Bwizibwera kwenye ng'ombe wengi, aliyekuwa akisomea magonjwa ya tezi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, lakini alikitumia bila haya. Akamshika mikono, akamtazama nyusi, akamkagua kwapa. Kisha akauliza:

"Mama, huyu mtoto yako, yeye alinyonya?"

Goretti akaanza kulia. Alidhani maneno ya Nyirabahire yamefika mpaka Mbarara.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

"Hakuna mtu ameniambia! Wewe hapana lia. Mama yeyote mwenye baridi kama hii yako, mimi nauliza yeye hivyo."

Miaka tisa, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Wote walikuwa wanamwambia.

Damu yake ilipopimwa, dokta akamchorea kichwa kwenye karatasi, na chini ya ubongo akachora kitu kidogo kama punje ya harage. Hiyo ni tezi, akasema. Ndiyo inayotuma amri mwilini: pata joto, pata nguvu, toa maziwa. Ya Goretti imelala. Mama akivuja damu nyingi sana siku ya kuzaa, tezi hiyo inaweza kukosa damu ikafa kidogo kidogo, na amri hazitoki tena.

"Lakini uvimbe pia unaweza kulalisha yeye," dokta aliendelea. "Dawa mimi nitaanza kupa wewe leo. Ila kama ni uvimbe, kuna kwenda Kampala, pengine kufungua kichwa. Sasa niambie. Siku ile, damu ilitoka ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa nimezimia."

"Nani alikuwa pale?"

Goretti akalitaja jina la Nyirabahire. Venuste siku ile alikuwa amekwenda kutafuta maji, akarudi giza limeshaingia. Aliyeona yote ni mtu mmoja tu.

Aliporudi nyumbani alimkuta Nyirabahire anachambua maharage, akamweleza yote taratibu, kwa heshima, amepiga magoti.

"Miye nimesahau," alisema bibi. "Ni zamani. Nilishasema mutoto alizaliwa muzuri."

"Ndiyo, Mama. Lakini wasipojua sababu, watatafuta uvimbe. Wanaweza kunipasua kichwa."

Nyirabahire aliendelea kuchambua. Goretti aliona anatupa maharage mazima na kubakiza mabovu. Alisimama akaenda kuwasha moto.

Jumatano, siku aliyopangiwa na dokta, Goretti alipotoka nje kwenda Mbarara, bibi alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya misa miguuni.

"Tuende," alisema. "Usiniulize kitu mu njia."

Kila Jumatano madaktari wa upande ule walikaa pamoja kusikiliza habari ya mgonjwa mmoja, wakaulizana mpaka waelewe. Siku hiyo walikuwa saba. Goretti alikaa mbele na pulova yake, Nyirabahire akakaa pembeni yake, ameushika mkoba wake magotini kwa mikono miwili.

"Mama, damu ilikuwa kidogo ama mingi?" Dokta Kabanyana aliuliza.

Bibi alitazama sakafu.

"Nilimutandikia kitenge," alisema. "Kikajaa. Nikatandika kingine, nacho kikajaa. Ya tatu nilimufunga nayo mu kiuno, nikakaza na nguvu yangu yote, na damu ikapita tu. Mbele jua halijatua, nilibizika byote bitatu palepale chini ya mugomba, kwa sababu ya mbwa."

Goretti aligeuka akamtazama. Vitenge vya harusi.

"Kulikuwa mwanaume mwenye shamba," bibi aliendelea. "Mutu muzuri. Alileta pikipiki, akasema, tumupeleke hospitali kwa munganga. Miye nikakataa. Hatukuwa na karatasi hata moja, nikaogopa batatutambua, baturudishe. Nikasema, hapana, anachoka tu. Asubui nikaona hana maziwa, nikajua ni miye. Nikatafuta fasi ya kuliweka ile neno. Nikaliweka juu yake."

Daktari mmoja kijana alikuwa ameacha kuandika.

Dokta Kabanyana akasema basi ni ile damu, si uvimbe, hakuna haja ya Kampala; kisha akaleta karatasi. Akawaeleza kwamba angependa kuiandika habari hii ili madaktari wengine, wa hapa na wa mbali, wakimwona mama wa namna hii wajue swali la kuuliza. Jina la Goretti halitatajwa. Goretti akasaini.

"Na miye utaniandika namna gani?" aliuliza Nyirabahire.

"Nitaandika: shahidi aliyekuwepo."

"Hapana. Andika mama mukwe wake. Na ile pikipiki uiandike."

Njiani kurudi, walipopita Isingiro, bibi alinunua ndizi mbivu, akamenya moja, akampa Goretti mkononi. Goretti hakuwa tayari kusema amesamehe, na bibi hakumuomba aseme. Ile ndizi Goretti aliila.

Vidonge ni vya kila asubuhi, maisha yake yote. Wiki ya sita, pulova ya bluu ilikuwa inaning'inia kwenye ua, na mchi ulikuwa unapiga bila kupumzika.

"Eh, Mama Inès!" Apollinarie alipaza sauti. "Kanada wamekataa?"

"Nimewaambia wanisubiri, ninamaliza sombe!"

Inès alikuwa ameketi karibu na bibi yake kizingitini, anasukwa nywele. Mtoto alikuwa amekua akiisikia hadithi ya wale wezi wa Kikagate, akiipenda kama watoto wanavyopenda hadithi za kutisha.

"Koko," aliuliza, "wezi wa vitenge walikuwa wangapi?"

Mikono ya Nyirabahire ilisimama juu ya nywele.

"Hakukuwa bezi, mutoto wangu," alisema. "Geuka uniangalie, nikuambie siku ulizaliwa."

Goretti akapunguza nguvu ya mchi, akatwanga polepole, apate kusikia.