Asubuhi ya Upepo wa Nchi Kavu

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimeendesha magari ya Wasaudi miaka tisa, nimetukanwa hadi na watoto wa chekechea, na bado nacheka. Lakini ya Eddah, woi! Yale yaliniacha mdomo wazi, na haujafungika vizuri mpaka sasa.

Eddah alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa bosi wangu pale Riyadh. Mama wa Webuye, mfupi, mwenye maneno machache hadi unajiuliza kama umemkosea. Mimi naropoka, yeye ananyamaza, basi tukapatana. Nilimwita Mama Lewis, naye akaniita Baba Terry, maana huko ugenini ukiitwa kwa jina la mtoto wako unakumbuka kwamba wewe ni mtu. Kila Ijumaa alinifichia chapati nyuma ya friji, akijua madam akiona ni kelele.

Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili. Ulipoisha akaomba kwenda nyumbani kumwona mwanawe. Bosi akasema, "Inshallah, baada ya Ramadhani." Ramadhani ikapita. "Inshallah, baada ya Haji." Haji nayo ikapita, mwaka wa tatu ukakatika. Eti karatasi za kutoka nchini ni shughuli, eti mkubwa wa ofisi hayupo, mafi, hamna, subiri. Na kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, asipokupa ruhusa ya kutoka, hupandi ndege hata uwe na mabawa yako mwenyewe.

Mwaka huo jambo lilikuwa zito. Lewis, mtoto wake wa pekee, alikuwa aingie jandoni Agosti. Kwao Wabukusu tohara huja mwaka mmoja ikaruka mwingine. Ukiikosa unangoja uingie na wadogo zako. Na yule kijana alimwambia mama yake kwa simu, "Mama, usipokuja, siingii." Wenzake walishaanza kuzunguka na njuga wakialika jamaa, yeye amekaa tu nyumbani, na walishaanza kumwita mwoga. Eddah alinieleza hayo akalia waziwazi mbele ya jiko.

Sasa bosi. Bosi alikuwa na ugonjwa mmoja: ubao wa tanga. Ile ya mtu kusimama juu ya ubao baharini, ameshika tanga, upepo unamkimbiza. Riyadh bahari hakuna, kwa hiyo kila likizo ni Jedda, pale Abhur, kaskazini ya mji. Yeye na madam wanapanda ndege. Mimi na Eddah tunapita barabarani kutwa nzima, ubao juu ya paa. Ukitaka ushauri wangu wa safari hiyo: toka alfajiri, kagua magurudumu, jaza tangi kila unapoona kituo, na ubao uufunge kwa kamba mbili, maana upepo wa malori utaung'oa. Niliwahi kuuokota katikati ya barabara, sitaki hata kukumbuka.

Na bosi alipenda kufundisha, weee! Kiangazi, alisema, upepo mzuri wa Abhur ni wa alasiri, unatoka baharini upande wa kaskazini magharibi. Ukianguka, unakusukuma kurudi ufukweni. Wa asubuhi usiuguse, huo unatoka nchi kavu. Karibu na ufuo maji yametulia, unajidanganya. Ukisogea mbele unasukumwa nje, na kurudi huwezi. Vaa viatu vya mpira, chini kuna matumbawe. Na usiingie majini bila mtu wa kukutazama.

Mtu huyo alikuwa Eddah. Bosi alimpa simu awe anamrekodi, akamfundisha na ishara, mimi nikiwa hapo hapo. Akamwambia, nikiinua mkono mmoja, nimefurahi, endelea na video. Nikiinua na kushusha mikono yote miwili, niko taabani, kimbia kwa walinzi wa pwani. Akamfanyisha mazoezi hadi Eddah akaonyesha mwenyewe bila kukosea.

Julai hiyo upepo ulimkataa kabisa. Likizo nzima bahari ililala, bosi amenuna, anafokea kila mtu. Ijumaa, siku ya mwisho, tukaamka tukasikia bendera za ufukweni zinapigapiga. Upepo! Lakini ulikuwa wa asubuhi, una vumbi, unatoka nchi kavu. Eddah akampelekea bosi kahawa, akamwomba tena, akamtajia tena Lewis na Agosti. Bosi alikuwa anaangalia bendera. "Baada ya kiangazi," akamjibu.

Nikamwambia, "Bosi, si huu ndio ule uliosema..."

"Yalla, Zakaria, leta ubao."

Haki ya Mungu, mtu aliyetuhubiria mwenyewe! Nikaleta. Kisha madam akanituma mjini, mtaa wa Aziziya, kwa dada yake kuchukua vyombo, nikamwacha Eddah amesimama mchangani na simu mkononi.

Niliporudi nilikuta gari la wagonjwa. Bosi ameketi chini, kafunikwa blanketi, midomo imepasuka kwa chumvi, anatetemeka kwenye jua lile. Boti ya walinzi ilimkuta mbali, amelala juu ya ubao, tanga limevunjika. Wakasema wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wanatafuta maiti. Aliyewaita ni Eddah. Alikimbia juu ya mawe bila viatu hadi nyayo zikachanika. Madam akamkumbatia mbele yetu sote! Madam yule yule, ambaye hata glasi hakuwahi kuipokea mkononi mwake. Moyoni nikasema, sasa basi, Mama Lewis ameshafika nyumbani. Nani atamnyima ruhusa sasa?

Jioni bosi akataka kuona video. Tulikuwa sebuleni kwenye nyumba ile ya kukodi, nami nimepewa chai kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Bosi akajiona anavyokwenda, anaanguka, anapanda, anazidi kuwa mdogo. Halafu akajiona anainua mikono yote miwili, anashusha, anainua. Na simu haitikisiki, inaendelea kumrekodi. Ikasikika sauti ya Eddah, ya chini, inaongea Kiswahili.

Bosi akaisimamisha. "Zakaria, anasema nini?"

Mimi nilikuwa nimeshasikia. Eddah alikuwa anasema hivi: "Ita. Ita tu. Na mimi nimekuita mwaka mzima. Baada ya Ramadhani, baada ya Haji, baada ya kiangazi. Haya, ngoja na wewe. Inshallah."

"Anaomba, bosi," nikasema. "Anakuombea kwa Mungu."

Madam akatokwa na machozi, akamshika Eddah mkono. Eddah alikuwa amesimama mlangoni, miguu imefungwa vitambaa. Yangeishia hapo ningeshukuru. Lakini Eddah akautoa mkono wake.

"Acha, Baba Terry," akaniambia. Kisha akamgeukia bosi na Kiarabu chake cha jikoni, kibovu lakini kinaeleweka: "Baba, mimi naona mikono. Mimi najua. Mimi nasimama. Mimi nasema, ngoja, kama mimi nangoja. Halafu mimi naogopa Mungu, mimi nakimbia."

Bosi akabonyeza video iendelee. Zikasikika pumzi za Eddah, muda wa kutosha kututia baridi, kisha ukelele: "Mungu wangu, nafanya nini mimi!" Simu ikaanguka mchangani, ikabaki inarekodi mbingu, na mayowe yake yakienda mbali.

Eddah weh! Nani alikutuma? Nilishamwokoa, akaenda kujichoma mwenyewe! Nilimkasirikia kwelikweli.

Madam akalipuka. Muuaji, mchawi, shetani, yote niliyasikia. Nikaanza kuomba radhi kwa niaba yake, nikasema jamani alikimbia, si mnaona miguu? Wapi! "Simtaki nyumbani kwangu! Arudi kwao, asikanyage tena Saudia!"

Bosi hakumtazama Eddah. Akavaa miwani, akashika simu, akabonyeza, akangoja ujumbe uingie, akabonyeza tena.

"Halas, kwisha," akasema. "Ameshatoka."

Sikuelewa. "Ametoka wapi, bosi?"

Akanionyesha. Ruhusa ya kutoka kabisa, jina la Eddah, namba ya ikama yake, kile kibali cha kuishi, kila kitu tayari. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Yaani ile shughuli ya karatasi, ile ya mkubwa wa ofisi hayupo, ilikuwa ni kubonyeza simu ukiwa umekaa kwenye kochi! Mwaka mzima huo! Nikamgeukia Eddah. Alikuwa ameshika mlango. Na madam, maskini, alidhani anamwadhibu.

Kesho yake nikamrudisha Riyadh, pasipoti ilikuwa huko kwenye droo ya bosi. Nilijaribu kumchangamsha. "Mama Lewis, si unaenda nyumbani? Lewis ataingia!" Akaitikia kwa kichwa tu. Tulipoipita Taif ndipo akafungua mdomo.

"Kumpikia, kumfulia, kuamka kabla yake, hivyo vyote havikunitoa," akasema. "Kilichonitoa ni ubaya wangu wa kitambo kidogo."

"Lakini ulikimbia."

"Nilikimbia. Ila nilisimama kwanza. Na nilipokuwa nimesimama, Baba Terry, nilisikia raha."

Nikashindwa hata kubadilisha gia. Huyu ndiye mama aliyekuwa akinifichia chapati! Tulipofika uwanja wa ndege nikamtolea mkoba, akanishika mkono, akaniuliza taratibu, "Ingekuwa wewe pale ufukweni, ungekimbia mara moja?" Mimi, mwenye jibu la kila mtu hadi polisi wa barabarani, nikageuka kufunga buti la gari. Akangoja kidogo, akachukua mkoba wake, akaingia.

Agosti alinitumia picha. Lewis amesimama uani, amepakwa matope mwili mzima, macho makavu, na mama yake yuko nyuma ya umati, mkono mdomoni. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari. Baadaye, nikimpeleka bosi kazini, nikaona nimwonyeshe. Akaikuza ile picha kwa vidole, akaitazama.

"Kijana huyu ni nani?"

"Ni Lewis, bosi. Mtoto wa Eddah."

"Kumbe alikuwa na mtoto?" akaniuliza, na hakuwa anatania.