Mpaka Nywele Zimee

Siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu, waliofiwa walikaa nyuma ya nyumba ya wakwe zangu, Bungoma, wakinyolewa nywele mmoja baada ya mwingine. Shemeji zangu, watoto wao, hata mzee mwenyewe. Mimi nilisimama na binti yangu mgongoni, nikauliza wembe unamsaidia nini aliyekufa. Mwenye wembe akaendelea kunyoa. Nikauliza tena, kwa sauti. Kwetu Saboti, kwa wazazi wangu waliohamia huko kutoka Mlima Kenya, msiba haugusi nywele za mtu. Tena mimi nilikuwa nimesoma chuo mpaka mwaka wa tatu, kabla ugonjwa wa mume wangu haujanitoa darasani. Niliamini kwamba kama swali halina jibu, basi jambo lenyewe halina maana.

"Waache," mama mkwe alimwambia mwenye wembe. "Mtoto ni wake."

Tukabaki na nywele zetu, mimi na mtoto wa miaka mitatu.

Niliporudi chuoni, Kitale, alikuwa ametimiza mitano. Bwenini hawakupokea watoto, kwa hiyo nilimwacha Bungoma kwa nyanya yake, nikawa naenda kumwona kila mwisho wa mwezi. Nilijiambia ni kwa muhula mmoja tu. Ikawa miwili. Hatimaye nikapata chumba karibu na chuo, na mama mwenye nyumba akakubali kukaa naye nikiwa darasani. Nikanunua kitanda kidogo na sare ya shule. Jumamosi nikaenda kumchukua.

Alitoka jikoni ameshika gunzi la mahindi. Kichwa chake kilikuwa kipara, kinang'aa mafuta.

"Nani amemnyoa?"

"Karibu kwanza," mama mkwe akasema. "Hata maji hujanywa."

"Mama, nauliza ni nani."

"Ni mimi."

Alivuta kiti, akakaa. Jirani yao, mtu wa ukoo, alikuwa amefariki. Siku ya kunyoa, watoto wa marehemu walipanga foleni, na binti yangu akajipanga nyuma yao.

"Tulimtoa, akarudi. Nikamwambia, wewe kaa kando, huu msiba si wako. Ati akaniuliza, 'Wangu ulikuwa lini?'" Alinitazama. "Si wewe ndiye umesoma? Ungemjibu nini?"

Nilikuwa nasomea malezi ya watoto wadogo. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya mtoto aliyefiwa, na mwalimu alizisifu.

Binti yangu alipanda mapajani mwangu, akaanza kuvuta misuko yangu, mmoja mmoja, kama anayetafuta kitu.

"Na wewe utanyoa lini?"

Nilimtazama mama mkwe. Siku hiyo, kama angechukua wembe, ningeinamisha kichwa. Alitikisa chake polepole.

"Siku yako ilipita, mwanangu. Hapa si kwa kinyozi, ati mtu anaingia tu akitaka."

Nikatoa ile sare kwenye mfuko. Nikamweleza mtoto kuhusu kitanda, blanketi, na dirisha linaloangalia miti ya parachichi. Alisikiliza kwa adabu, vile watoto huwasikiliza wageni.

"Nitakuja nywele zikimea," akasema.

"Hata Kitale zitamea."

"Hapana. Huko hawajui kwa nini sina."

Ningeweza kumbeba kwa nguvu. Ni wangu, kama nyanya yake alivyosema siku ile. Lakini mara ya mwisho nilipoamua peke yangu, nilimnyima nafasi ya kumlilia baba yake pamoja na wengine, naye alilazimika kuitafuta kwenye msiba wa jirani. Nikaitundika sare ukutani, nikaondoka peke yangu.

Sasa naenda kila Jumamosi. Kitanda kidogo kimejaa vitabu vyangu. Nikifika Bungoma, mkono wangu hukimbilia kichwani mwake kabla hata sijamsalimu. Nywele zimeanza kuchipua, fupi, ngumu, zinachoma kiganja. Yeye huniacha nipapase. Haniambii kama zimetosha. Na mimi niliyezoea kuuliza kila kitu, hilo bado sijamwuliza.