Ushanga wa Kumi na Mbili

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi dukani, tuliishi kwenye nyumba za polisi Nsambya, na kila mvua kubwa ikipita, nyuma ya jiko letu zilifukuka shanga. Shanga za kioo, za kale, zile walizokuja nazo watu wa misafara kununulia pembe. Nyingine za buluu, nyingine nyekundu kwa nje na nyeupe kwa ndani. Siku hizi nazunguka Kampala nzima kuzitafuta, na watu wananicheka. Wacheke tu, ugonjwa huu niliupata zamani.

Bibi, mama yake baba, Mnubi kwelikweli, alitukataza tusiziguse. "Ushanga wa ardhini una mwenyewe," alisema. "Ukimchukulia, naye atachukua pumzi ya mdogo wa nyumba."

Sikio la kufa! Nilizikusanya kwenye kopo la maziwa, nikalificha chini ya kitanda. Zilifika kumi na mbili. Mama akienda bombani, nililitoa nikamchezesha mdogo wangu Rajabu, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili.

Haikupita wiki, Rajabu akaanza kukoroma mchana kweupe. Kamasi zilinuka, bannange, mpaka Mama akawa anambeba amegeuza uso. Dawa ya mafua iliisha chupa nzima. Akinyonya, aliachia ziwa ili avute hewa kwa mdomo. Nikajua mwenye shanga amekuja kuchukua chake.

Asubuhi moja nilimfuata Bibi akichambua maharage, nikaanza kulia kabla sijasema.

"Bibi, nimemuua Rajabu. Niliokota shanga."

Hakunipiga. "Ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Lete."

Tukazimwaga kwenye ungo. Kumi na moja. Tukahesabu tena, kumi na moja. Bibi akaniangalia, kisha akamvuta Rajabu, akamwinua kidevu na kumchungulia puani.

"Toba!" akasema.

Alichukua ugoro wake, akamnusisha kidogo tu upande uliokuwa wazi. Rajabu akakunja uso, akapiga chafya ya mtu mzima, na kitu chekundu kikaruka kikagonga ungo. Mama alikuja mbio, akamkuta mwanawe analia huku anapumua kwa pua zote mbili.

"Si nilisema?" Bibi alimwambia Mama, na akajivuna kwa hilo mwezi mzima.

Leo Rajabu ana watoto wanne, na anakoroma bila ushanga wowote. Mimi sijui kama shanga zina mwenyewe. Ninachojua ni kwamba wiki ile Mama aliniuliza mara tatu kama mtoto alichezea kitu, na mara zote nilimtazama machoni nikasema hapana. Kwa Mama niliogopa fimbo tu. Kwa yule asiyeonekana niliogopa kumpoteza ndugu yangu, ndiyo maana mdomo ukafunguka. Namshukuru, awe yupo au hayupo.