Nilianika Vidonge vya Mke Wangu Mbele ya Wazee

Kosa ni langu, sina wa kumsukumia. Si shetani, si pombe, wala sikurogwa na mtu. Nilikuwa na akili zangu timamu na nilikuwa nimeshiba.

Mimi ni mchimbaji mdogo, maisha yangu ni kushuka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, huko Geita. Mke wangu nilimwacha Shinyanga, tulipanga upande wa Ibadakuli, nikipata chochote narudi. Tulikaa miaka bila mtoto. Siku zake zilikuwa haziji, miezi inapita tu, na zikija zinakuja kwa fujo mpaka hanyanyuki kitandani. Halafu akaanza kuota ndevu kidevuni. Basi mimi nikirudi namtania, "Leo nimemkuta mama au baba mwenye nyumba?" Anacheka. Kumbe alikuwa anaamka kabla yangu ajinyoe nisimwone!

Akaenda hospitali peke yake. Alinipigia simu kunieleza: kapimwa, homoni zimevurugika, mayai yake hayakomai, ameanzishiwa dawa. Nilikuwa kwenye karasha, mashine inasaga mawe, kelele tupu. Nikamwambia sawa, sawa, tutaongea. Hatukuongea.

Niliporudi nikawa natafuta chaja kwenye pochi yake. Nikakuta vidonge vya majira. Nilivijua mara moja. Nilivijuaje? Wacha niseme tu, maana nimeshaanza. Machimboni nilikuwa na mwanamke mwingine, naye alivimeza asishike mimba yangu. Yale niliyokuwa nayafanya mimi, nikamdhania mke wangu. Nikasema huyu ana mtu! Pembeni kulikuwa na dawa nyingine, ya wagonjwa wa kisukari. Nikajijibu mwenyewe kwamba hiyo ni ya huyo bwana wake, mzee mwenye sukari. Jamani, akili ikishaharibika inatunga mpaka umri wa mtu!

Sikumuuliza. Nilivitia mfukoni, nikamwambia twende kwao Songwa tukasalimie. Alifurahi, maskini. Akamnunulia mama yake sabuni na sukari.

Hakujua kwamba nilishawatuma baba zangu wadogo na dada yangu watutangulie. Tulipofika, wazee wa pande zote mbili walikuwa wameketi. Nikavitoa vile vidonge nikavimwaga mkekani.

"Wazee wangu, mimi natafuta mtoto. Mwenzangu anameza hivi."

Mke wangu hakupandisha hata sauti. "Nilipewa na daktari. Hivi ni vya kurudisha siku zangu, kizazi kisiharibike. Zikikaa sawa ndiyo nitapewa vya kukomaza mayai. Hiyo ya sukari nayo ni yangu, inasaidia. Na niliambiwa nipunguze mwili. Si nilikwambia kwenye simu?"

Dada yangu akapiga makofi. "Makubwa haya! Dawa ya kuzuia mimba ndiyo ilete mimba?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Baba yake aliinamisha kichwa. Mama yake akaviokota vidonge vyote, akaenda kuvitupa chooni kwa aibu.

Ndoa ikaishia pale. Ng'ombe zetu za mahari zikarudi nyumbani.

Miaka imepita. Juzi juzi dada yangu huyo huyo akanipigia, analia. Binti yake anasoma sekondari, siku zake zilikatika na ndevu zikaanza kuota. Wakaenda hospitali.

"Kaka, kaandikiwa vidonge vile vile. Mtoto hata mwanaume hamjui! Daktari ananieleza na maneno ni yale yale aliyosema wifi."

Nilitegemea moyo ungeshtuka, wapi! Nilikata simu nikaendelea kula ugali.

Kesho yake nikapanda gari mpaka Shinyanga, nikaunganisha hadi Songwa. Nilimkuta mke wangu wa zamani amekaa nje kwao, anachambua choroko kwenye ungo. Amekonda. Alinisalimia kama anavyosalimia mgeni yeyote, akaniletea kigoda na maji ya kunywa.

Nikasema yote. Nimekosa, nisamehe, turudi kwa yule daktari, gharama juu yangu.

"Daktari wa nini?" akaniuliza.

"Tutafute mtoto."

Akatoa jiwe kwenye choroko, akalitupa. "Baada ya siku ile nilikuwa naona aibu hata kusogelea duka la dawa. Sikutumia tena. Damu ikawa ikija haikatiki. Naongezewa nyingine, nayo inatoka. Nilipokuja kupimwa, kizazi kilikuwa kimeshaharibika. Walikitoa mwaka juzi."

Hakulia. Afadhali angenitukana! Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Maji kama yamekutosha, uende. Baba anakaribia kurudi, sitaki akukute."

Nikaenda. Tangu siku ile sijatoa chozi. Nakula, nalala, nashuka duarani, wenzangu wakisema jambo naitikia. Ni ganzi tu mwili mzima, na sijui itaisha lini.

Mwanaume mwenzangu, ukikuta dawa kwa mkeo usiihukumu kwa macho. Muulize. Usipomwelewa, nendeni wote wawili kwa daktari akueleze kila kidonge kina kazi gani, maana kidonge kimoja kina kazi nyingi. Na wewe dada unayepotelewa na siku zako, huna laana. Ugonjwa huo unatulizwa, na wengi wanazaa. Usiache dawa kwa sababu ya watu kama sisi.

Jina langu silitaji. Mtu wa kule akilijua langu atamjua na yeye, na yeye nilishamtangaza vya kutosha.